Siku Kanisa Lilipolima Mpaka

Mimi nina hasira za karibu, na sijawahi kuzificha. Mwinjilisti wetu alilijua hilo kabla hajalijua jina langu, maana mara ya kwanza kuzungumza naye ana kwa ana nilikuwa nimesimama mlangoni kwake, mtoto mchanga mgongoni, matope mpaka magotini, nikimwambia kwamba kama kanisa linanikataza nisilimiwe na watu wa ngoma, basi kanisa lije lilime lenyewe.

Nieleze nilivyofika mlangoni pale.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika kijiji kimoja cha Shinyanga, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka Mwadui. Mume wangu alikuwa huko Mwadui kwenye almasi, akichekecha mchanga, na hakuwa na ruhusa ya kurudi mpaka muda wake wa kazi uishe. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mtoto wetu wa kwanza aliyezaliwa wiki moja kabla ya mvua, na mama mkwe, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba kiasi kwamba alikuwa analima kwa mdomo tu. Alikaa kivulini kwenye kigoda akinielekeza pa kupiga jembe.

"Siyo hapo. Hapo napo siyo. Nyie Wasumbwa kwenu mnalimaga na kijiko?"

Kweli mimi ni Msumbwa, wa upande wa Runzewe, na kwetu ni Wakatoliki watupu. Nilipoolewa nilihamia kanisa la mume wangu, na mgeni kanisani ni mgeni hasa. Nikikohoa wakati wa sala, benchi zima linageuka. Nikichelewa, ni kwa sababu Wasumbwa ndivyo walivyo. Nikiwahi, najipendekeza.

Basi mvua zikaanza. Udongo wetu ulikuwa wa mbuga, ule mweusi, ukilowa unanata kwenye jembe mpaka unakuwa unanyanyua shamba zima kwa mkono. Siku tatu nililima, nikapata matuta mawili na nusu. Mtoto alilia, nikakaa chini kumnyonyesha, nikainuka, kizunguzungu. Kihenge chetu kilikuwa kimebaki na mtama wa kutufikisha nusu ya msimu, na mama mkwe alinieleza bila kupepesa macho kwamba mbegu isipoingia ardhini ndani ya wiki mbili, hakuna mavuno, na mimi nitarudi kwa baba yangu na mtoto mgongoni, halafu wao watasema waliniambia. Hao "wao" sikuwauliza ni nani.

Jioni ile jirani akaja.

Jirani huyu boma lake lilikuwa karibu na letu kiasi kwamba kuku wetu walikuwa hawajui wao ni wa nani. Mashamba yetu yalipakana pia, kukiwa na ukanda wa nyasi tu katikati. Alikuwa mtu mzima, mrefu, na ndiye aliyeongoza kundi la walimaji wa ngoma la kijiji. Kwa asiyejua mambo ya Usukuma, kundi la namna hiyo ni vijana ishirini au thelathini wanaolima kwa mstari, mpiga ngoma anatembea mbele yao, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, na wenye mbwembwe wanarusha jembe hewani na kulidaka bila kupoteza hatua. Shamba ambalo ungelilia mwezi mzima wanalimaliza asubuhi moja. Nao hawadai kitu ila chakula, maana desturi ni hiyo: aliyelimiwa analisha, na waliolima wanakula. Kutolisha ni aibu ya maisha, na kukataa kula ni kulitakia shamba mabaya.

Zamani jirani alikuwa mtu wa kanisani kwetu. Miaka miwili kabla sijaolewa aliambiwa achague, ngoma au meza ya Bwana, kwa sababu kanisa letu lilikuwa limepiga marufuku ngoma ya aina yoyote. Akachagua ngoma. Tangu hapo alikuwa ametengwa, na watu wa kanisa walikuwa hawamsalimii wala hawali naye sahani moja.

"Mayo," aliniambia akiwa amesimama nje ya uzio, kwa neno la heshima wanalomwita kila mwanamke huku, "keshokutwa nitaleta vijana wangu. Wewe pika tu."

Ningeweza kumbusu mikono. Badala yake nilisimama pale nimeshika mwiko, nikafikiria. Mchungaji alikuwa anakuja kwetu mara mbili kwa mwaka, kwa baiskeli, na wiki chache zijazo alikuwa aje kubatiza. Jina la mwanangu lilikuwa limeshaandikwa. Kwetu Runzewe mtoto akikaa wiki mbili bila ubatizo bibi zake hawalali. Huyu wangu mpaka siku hiyo angekuwa anapita mwezi. Ngoma ikilia shambani kwangu, nami nitatengwa, na mtoto wa aliyetengwa habatizwi. Njaa upande mmoja, mwanangu upande mwingine, na mimi katikati na mwiko.

"Hapana, baba," nikasema. "Asante."

Hakuuliza sababu. Aliitikia kwa kichwa na kurudi kwake. Na kilichoniudhi, wala hakukuwa na hasira usoni mwake. Alionekana kama mtu aliyezoea.

Ndipo hasira zikanipanda, nikaenda kwa mwinjilisti na matope yangu, nikasema niliyoyasema.

Mwinjilisti alikuwa kijana bado, mwembamba, mwenye shati jeupe ambalo sijui mkewe alilifua kwa maarifa gani. Nilitegemea anikemee. Alimtazama mtoto, kisha akasema, "Unasema kweli, mama." Jumapili akatangaza kwamba Jumanne kanisa zima litalima shamba la mke wa ndugu yetu aliyeko Mwadui, na kila mtu aje na jembe lake. Mama mkwe alinisukuma kwa kiwiko. "Sasa ole wako ugali uungue."

Jumanne walikuja, watu ishirini na kitu. Siwezi kuwasema vibaya mioyo yao. Lakini kulima!

Kwanza tulisali. Mwinjilisti aliombea jembe, mpini, mbegu, mvua, mume wangu, almasi za Mwadui, na alipofika kwenye wagonjwa wa kijiji jua lilikuwa limeshatoka vizuri. Kisha wakaanza, kimya kimya, kwa adabu, kila mtu kwa mwendo wake. Huyu anapiga, yule ameegemea mpini. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye kipara na wajukuu wengi, alikuwa akilima hatua tatu kisha anasimama kutazama alichofanya kana kwamba amejenga nyumba. Wanawake walianza kuulizana habari, na kila habari ilihitaji watu kusimama. Mpaka jua linaanza kuchoma tulikuwa na matuta manne. Nilihesabu. Nilihesabu tena, nikitumaini nimekosea.

Mama mkwe hakusema neno, na mwanamke yule akinyamaza jua mambo yameharibika.

Upande wa pili wa ukanda wa nyasi, jirani alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya zizi lake akitutazama. Shamba lake lilikuwa halijalimwa bado. Kundi lake lilikuwa lije kesho yake. Alitutazama kwanza kwa kutabasamu. Baadaye akafunika uso kwa kiganja, kama mtu anayeona mtoto akivaa shati kichwa chini. Mwishowe hakuvumilia. Akaingia ndani, akatoka na jembe bovu lisilo na mpini, akalining'iniza kwenye mti wa zizi kwa kamba, akaokota jiwe.

Ko. Ko. Ko-ko. Ko.

Wote tukasimama. Mwinjilisti akainua kichwa, na nikaona akilini mwake anafungua kitabu cha sheria za kanisa ukurasa kwa ukurasa akitafuta neno jembe.

Kisha jirani akaanza kuimba. Na alichoimba kilikuwa wimbo wa kanisani, ule tuliozoea kuufungia ibada, ambao siku zote tuliuimba taratibu kama mtu aliyebeba mtungi kichwani. Yeye aliuimba kwa mwendo wa jembe. Maneno yaleyale, hakuongeza wala hakupunguza, ila wimbo sasa ulikuwa na miguu. Sauti yake ilikuwa kubwa na safi, na mimi nilikuwa sijawahi kuisikia waziwazi katika wimbo wa kanisani kabla ya siku ile.

Mwinjilisti akafungua mdomo. Akaufunga. Utamkataza mtu kumsifu Mungu? Na jembe siyo ngoma. Hata mtoto analijua hilo.

Wa kwanza kushikwa alikuwa yule mzee mwenye kipara. Mikono yake ilianza kwenda yenyewe. Ko, anapiga. Ko, anapiga. Halafu mwanamke wa pembeni yake. Halafu mstari mzima ukajipanga bila mtu kuusema, wanawake kulia, wanaume kushoto, na ule wimbo ukapasuka mashambani nikadhani utafika Mwadui mume wangu aache chekeche. Mwinjilisti alijikaza kwa beti mbili. Kwenye ubeti wa tatu alikuwa mbele ya wanaume wote, shati lake jeupe limekwisha habari yake, akipiga kelele, "Wanawake wasituache, jamani, wanatuacha!"

Kwenye ubeti wa nne yule mzee wa kanisa alirusha jembe hewani. Likazunguka mara mbili, akalidaka kwa mkono mmoja, akaendelea kulima kama hakuna kilichotokea. Mkewe alisimama akamkodolea macho. Miaka thelathini na mitano ya ndoa, na mume wake hakuwahi kumwambia kwamba ujanani alikuwa mtu wa ngoma.

Nami nilikuwa ndani ya mstari. Nilikuwa nimempa mama mkwe mtoto, nimekamata jembe, kizunguzungu kimesahaulika. Sitasema uongo, sijawahi kuwa na raha kama ile ndani ya kanisa lolote, na pale tulikuwa nje.

Sasa mtu akilima kwa mwendo ule hatazami mbele. Mgongo umeinama, macho yako kwenye udongo, sikio liko kwenye wimbo. Tulimaliza shamba langu. Hakuna aliyejua kwamba tumelimaliza. Tukaufikia ukanda wa nyasi, tukaulima, nyasi na mizizi yake yote. Tukaingia shamba la jirani, tukalilima. Mama mkwe alikuwa akipiga kelele kutoka kivulini, "Nyie! Nyie mnaenda wapi?" nasi tukadhani anatushangilia, tukaongeza kasi. Na yule jirani aliyekuwa anatuona waziwazi, badala ya kutusimamisha, akaanza wimbo upya kutoka ubeti wa kwanza.

Tulisimama pale tu jembe la mwinjilisti lilipogonga kitu kigumu. Akainua kichwa. Alikuwa amegonga mti wa zizi, na kando yake amesimama jirani na jiwe mkononi.

Tukageuka nyuma. Mashamba mawili, yote meusi, yote yametifuliwa, matuta yamepinda kama njia ya ng'ombe.

"Mmelima kwangu," jirani akasema.

Wazee walianza kukung'uta matope kwenye majembe.

"Sikuwaita. Kesho vijana wangu wanakuja, sijui watalima nini." Akatutazama mmoja mmoja, kisha akashusha pumzi. "Haya. Aliyelimiwa analisha. Mke wangu ameshaweka mbuzi jikoni."

Hapo ndipo mwinjilisti alipopata taabu ya kweli, na mimi nilimhurumia. Akila, amekula na aliyetengwa, tena mbele ya washirika wake wote. Asipokula, kanisa limelitakia mabaya shamba la mtu, na desturi hiyo hata waliobatizwa hawaichezei. Na nilijua kabisa taabu yake ilikuwa taabu yangu. Wakianza kuhukumiana pale, watauliza nani aliyeleta watu huku, na jibu litakuwa: yule Msumbwa, yule wa mlangoni na matope. Jina la mwanangu lilikuwa kwenye daftari la mwinjilisti, na kalamu yake ilikuwa mfukoni.

Mama mkwe ndiye aliyesema, kwa sababu alikuwa na njaa. "Chakula cha mkwe wangu kiko tayari huku, cha huko nacho kinaiva. Si kiliwe hapo katikati? Mtu wa huku akae upande wake, wa kule akae upande wake. Hakuna atakayekuwa amekwenda kula kwa mwenzake."

Mwinjilisti alifurahi kama aliyetupiwa kamba kisimani. Mikeka ikaletwa. Nikaleta ugali wangu wa mtama, mboga ya kunde na matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha; mke wa jirani akaleta ugali wake na sufuria ya nyama. Mwinjilisti akachukua mkeka wa kwanza kwa mikono yake mwenyewe, akaenda nao pale katikati ya mashamba, akasimama.

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akasogea hatua mbili, akarudi moja.

"Mpaka ulikuwa wapi?" akauliza.

Yule mzee mwenye kipara akaonyesha mahali. Mkewe akaonyesha pengine. Mama mkwe akasema wote wawili vipofu, akaonyesha pa tatu. Nyasi zilikuwa zimezikwa chini ya matuta, na matuta yalikuwa yametoka kwangu mpaka kwa jirani bila kukatika. Tulikuwa tumeulima mpaka wenyewe.

Mwinjilisti alisimama na mkeka wake muda mrefu. Kisha akautandika pale alipokuwa, akamgeukia jirani, ambaye alikuwa na umri wa kumzaa, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, baba."

Miaka miwili na zaidi hakuna mtu wa kanisa aliyemwamkia yule mzee, na mimi nikiwemo. Nilikuwa nachota maji kisima kimoja naye, nikapita nikitazama ndoo yangu. Alichelewa kujibu mpaka nikaogopa.

"Marahaba, mwanangu. Kaeni. Ugali unapoa."

"Tuombee chakula, baba. Ni kwako."

"Ni kwangu?" jirani akasema, akitazama matuta. "Haya." Akavua kofia. "Bwana, watu wako wameingia shambani kwangu bila kupiga hodi. Wamelima ovyo, wewe mwenyewe umeona. Lakini wamelima. Wape nguvu kesho, maana hakuna atakayeweza kuinua kijiko. Bariki chakula hiki, sijui ni cha nani. Amina."

Tulikula. Nilikaa karibu na jirani kwa sababu nilikuwa na aibu, na aibu yangu huwa haitaki kukaa mbali. Nikamwuliza kwa nini alitusaidia, wakati nilimkataa mlangoni kwangu.

Alitafuna kwanza. "Mayo, nyie mnadhani niliwasaidia? Mimi na vijana wangu tunaimba kila siku, nyimbo zetu nzuri. Lakini ule wimbo una sauti nne. Nimeuimba peke yangu zizini miaka yote hii, ng'ombe wanasikiliza. Sauti ya tatu peke yake haieleweki. Ng'ombe wenyewe wanaona kuna kitu kimepungua."

Mwinjilisti alikuwa amesikia. Aliweka tonge chini. "Sauti ya tatu kwetu anaishika nani siku hizi?" akawauliza wazee.

Wakatazamana. Mzee mwenye kipara akasema yeye ni ya nne. Mwingine akasema alidhani ni fulani, na fulani akasema hapana. Hakuna aliyeishika. Tangu siku waliyomtoa, nyimbo zote zilikuwa zimeimbwa na tundu katikati, kila Jumapili, na hawakulisikia tena. Mimi niliyekuja baadaye nilijifunza nyimbo zile zikiwa hivyo, nikadhani ndivyo zilivyotungwa.

Kuhusu ngoma, wazee wa kanisa walibishana mpaka mtama ukachanua, na sina hakika kama waliwahi kumaliza. Lakini daftari halikuguswa, na mchungaji alipokuja na baiskeli yake mwinjilisti alimchukua pembeni wakazungumza muda mrefu. Waliporudi, mchungaji alikuwa anajifuta macho, nami mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka.

Siku ya ubatizo jirani alikaa benchi la nyuma. Mwanangu alipomwagiwa maji, wimbo ulianza, sauti ya kwanza, ya pili, ya nne, na halafu sauti ya tatu ikaja kutoka nyuma ikaingia mahali pake. Nililia kwa sauti, mimi Msumbwa, mbele ya mabenchi yote. Mama mkwe akanikanyaga mguu, akaninong'oneza ninyamaze, watu watadhani mtoto amezama.